Kuku Mzima wa Kuoka na Mchuzi Wake Mzito, kwa Oveni au kwa Mkaa

Malalamiko ni matatu na hayabadiliki: ngozi imelowa na kulegea, paja lina damu ilhali kidari kimekauka, na mchuzi umejaa madonge. Hapa Tanga, mwenye oveni ya umeme mtaa wa Raskazone analalamika hayo, na mwenye jiko la mkaa Makorora analalamika hayo hayo. Ukiwauliza walianzaje, karibu wote walimpaka kuku viungo vya majimaji, wakamtia motoni angali anachuruzika, kisha wakaongeza moto ili aive upesi.

Kuku huyu hataki viungo vingi. Anataka chumvi mapema, ngozi kavu, moto wa wastani na mpishi asiyemfunua kila dakika. Hapa tunamwoka mzima, si wa kubanika vipande wala wa rosti, na mchuzi unatokana na kile kinachobaki kwenye trei. Anza maandalizi jana yake jioni. Ukishindwa, anza asubuhi ya siku ya kupika.

Vitu vya kuandaa

Kwa kuku:
- Kuku mmoja wa kisasa, kilo 1.2 hadi 1.5 akiwa ameshasafishwa
- Chumvi vijiko 2 vya chai
- Pilipili manga ya kusaga, nusu kijiko cha chai
- Siagi vijiko 3 vya chakula
- Mafuta ya kupikia kijiko 1 cha chakula
- Kitunguu saumu punje 5
- Ndimu 2
- Vitunguu maji vikubwa 3 na karoti 2

Kwa mchuzi:
- Shingo, firigisi, miguu iliyomenywa na ncha za vipapatio
- Unga wa ngano vijiko 2 vya chakula
- Maji vikombe 4

Vyombo: trei ya oveni yenye kingo, au sufuria nzito yenye mfuniko bapa kama unatumia mkaa, uzi wa pamba, karatasi za jikoni au kitambaa safi, chujio, mwiko, koleo la makaa. Kipimajoto cha nyama si lazima, ila ukikipata kinunue, kitakuondolea ubishi mwingi.

Uzi uwe wa pamba. Tanga hatukosi kamba ya katani, lakini ile ya kufungia mizigo mara nyingi imepitishwa mafuta ya kiwandani, na hayo hayafai kuingia chakulani.

Hatua ya 1: Chagua kuku anayefaa

Broila wa kilo moja na ushei ndiye wa kuanzia. Ni mchanga, nyama yake laini, na ana mafuta ya kutosha chini ya ngozi kujilainisha mwenyewe.

Wa kienyeji ni mtamu zaidi, hilo sibishani na mtu. Lakini mtetea aliyekwisha kutaga au jogoo mkongwe ukimwoka kama broila atatoka mgumu hata umwache saa tatu. Misuli yake imefanya kazi, na inalainika kwa unyevu na muda, si kwa moto mkavu. Ukiwa na tembe (jike ambaye hajaanza kutaga) au pora (jogoo mchanga) wa kienyeji, mchemshe kwanza taratibu kwa maji ya chumvi mpaka uma uanze kuingia pajani, mara nyingi dakika 40 hadi 60. Mtoe, mkaushe vizuri, mpake mafuta, kisha umwoke kwa moto mkali dakika 25 hadi 30 apate rangi. Yale maji uliyomchemshia ndiyo supu ya mchuzi wako, kwa hiyo usiyamwage na usiyatie chumvi kupita kiasi.

Ukinunua soko la Ngamiani au Mgandini, sema mapema kabisa kwamba unamtaka mzima. Wanaosafisha kuku wamezoea kukata vipande, na mkono wao ni mwepesi kuliko maneno yako. Mwambie ampasue chini tu, atoe matumbo, akuachie shingo, miguu na firigisi.

Onyo moja: kuku aliyechinjwa sasa hivi usimpike sasa hivi. Misuli hukakamaa baada ya kuchinjwa, na ukimpika katika hali hiyo anakuwa na nyama ya kutafuna bila kuisha. Mpe angalau saa nne kwenye friji.

Wa friza naye ayeyuke kabisa, siku nzima ndani ya friji. Kama huna muda, mfunge kwenye mfuko usiopitisha maji, mzamishe kwenye maji baridi na ubadilishe maji kila nusu saa. Wa kilo moja na nusu huchukua kama saa mbili hadi tatu. Barafu ikibaki tumboni, ndipo unapopata paja lenye damu.

Hatua ya 2: Msafishe bila kulichafua jiko

Kuku mbichi hubeba vijidudu vya kuharisha, salmonela wakiwemo. Ukimwosha chini ya bomba lililofunguliwa kwa nguvu, matone yanaruka hadi kwenye vikombe na kachumbari. Wa dukani aliyefungwa akiwa safi hana haja ya kuoshwa, mfute tu. Wa sokoni mwenye damu na manyoya mweke kwenye beseni la maji machache, msafishe taratibu, mwaga maji polepole, kisha osha beseni, sinki na mikono kwa sabuni.

Tia kidole tumboni, ukwangue mapafu yaliyobaki kwenye mbavu na damu nyeusi iliyoganda mgongoni. Hizo ndizo zinazoleta uchungu kwenye mchuzi. Kata kitezi cha mafuta kilicho juu ya mkia. Maini yaweke kando uyakaange kivyake, maana yakiingia kwenye supu yanaiharibu ladha.

Hatua ya 3: Chumvi, kisha kukausha

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Ukiruka hatua hii, zilizobaki hazitakuokoa.

Mfute kuku nje na ndani mpaka kitambaa kisitoke na maji. Changanya chumvi na pilipili manga. Theluthi moja ipake tumboni, inayobaki ipake kidarini na mapajani, kwa sababu huko nyama ni nene. Mweke kwenye sahani, kidari juu, umwingize friji bila kumfunika. Mweke rafu ya chini kabisa ili asidondoshee vyakula vingine.

Baada ya saa moja utaona ngozi imetoka majimaji. Usiogope na usiyafute. Chumvi imevuta maji nje. Baada ya muda maji hayo yanarudi ndani yakiwa na chumvi, na nyama inakolea hadi mfupani. Upepo mkavu wa friji nao unaikausha ngozi. Usiku mmoja ndio bora, saa nne zinatosha. Ukiwa na saa moja tu, paka chumvi, subiri, kisha mfute akauke kabla ya kumwoka.

Najua tulivyozoea: tangawizi, saumu na ndimu vinatwangwa, kuku anapakwa rojo lote, analala nalo. Kwa kuku wa kubanika vipande ni sawa. Kwa huyu, lile rojo ni maji, na moto hauwezi kuigeuza ngozi rangi mpaka maji yote yaishe. Yatakapoisha, kidari kimeshakauka. Saumu iliyo juu ya ngozi nayo inaungua na kuwa chungu. Viungo tutaviweka, lakini chini ya ngozi.

Joto la Tanga nalo si la kuchezea. Kuku mbichi asikae mezani zaidi ya saa mbili, na siku za jua kali saa moja tu. Kama huna friji, paka chumvi na umwoke ndani ya saa moja. Ngozi haitakuwa bora, lakini hutamuuguza mtu.

Utajua umefanikiwa ngozi ikiwa imekuwa kavu, imekaza kidogo, na ukiigusa kidole hakitoki na maji.

Hatua ya 4: Injika supu

Tia shingo, firigisi, miguu, ncha za vipapatio na kitunguu kimoja kwenye sufuria ndogo. Ongeza maji vikombe 4, chemsha, ondoa povu, kisha punguza moto itokote polepole kwa saa moja hadi ibaki vikombe 2. Usitie chumvi. Masalia ya kwenye trei yana chumvi ya kutosha, na mchuzi uliozidi chumvi hauna dawa ya maana.

Hatua ya 5: Siagi chini ya ngozi

Ponda saumu, changanya na siagi laini na maganda ya ndimu moja yaliyoparuzwa. Paruza ile ya kijani tu; nyeupe ya chini ni chungu.

Kuanzia upande wa shingo, pitisha vidole polepole kati ya ngozi na kidari. Ina utando mwembamba unaoachia wenyewe. Vua pete, na kama una kucha ndefu mwachie mwingine kazi hii, kwani ngozi ikichanika mafuta yanatoka na kidari kinakauka. Sukuma siagi ndani, kisha papasa kwa juu ienee.

Tumboni weka nusu za ndimu uliyoiparuza, basi. Usimjaze wali wala viazi: tumbo lililoshindiliwa linachelewa kupata moto, na damu ya kuku mbichi inaingia kwenye hicho ulichojaza.

Funga miguu pamoja kwa uzi, bila kukaza sana, na kunja vipapatio nyuma ya mgongo. Mpake kijiko cha mafuta juu. Asali na sukari usithubutu, zitakuwa nyeusi kabla ya nusu saa.

Hatua ya 6, kwa mwenye oveni

Washa oveni ipate moto kabisa, nyuzi joto 220, au namba 7 kwa oveni ya gesi yenye namba. Kata vitunguu viwili vilivyobaki na karoti vipande vinene, vitandaze kwenye trei, umlaze kuku juu yake kidari kikitazama juu. Kitanda hiki kinamzuia mgongo usiungue, hasa kwenye oveni za gesi ambazo moto wake unatoka chini peke yake, na ndicho kinachoupa mchuzi utamu.

Viazi vya Lushoto navipenda, lakini vioke kwenye trei yake. Ukivizungusha chini ya kuku vinakunywa mafuta yote, ukija kwenye mchuzi huna kitu.

Dakika 15 za kwanza moto ubaki nyuzi 220. Kisha shusha hadi 190, yaani namba 5. Hesabu ya muda wote ni dakika 45 kwa kila kilo, ukijumlisha dakika 20. Wa kilo 1.2 atachukua dakika 74 hivi, wa kilo moja na nusu karibu saa moja na nusu. Anza kumpima dakika kumi kabla.

Usifungue mlango nusu saa ya kwanza. Baadaye chungulia trei: vitunguu vikianza kuwa vyeusi, mimina robo kikombe cha maji pembeni, si juu ya kuku. Kidari kikishika rangi mapema, kifunike kwa karatasi ya foili.

Umeme ukikatika katikati, acha mlango umefungwa, joto litadumu kidogo. Ikipita nusu saa, washa mkaa na umhamishe. Kuku aliyeiva nusu hawekwi akiba akamaliziwe kesho; joto lile la uvuguvugu ndilo vijidudu wanalolipenda.

Hatua ya 6, kwa mwenye mkaa

Aliyewahi kupika mkate wa kumimina au kupalia wali anaijua njia hii: moto chini kidogo, moto juu mwingi.

Tumia sufuria nzito yenye nafasi ya vidole viwili kati ya kidari na mfuniko. Mfuniko uwe wa chuma au aluminiamu, usio na kishikio cha plastiki. Tandaza vitunguu na karoti vinene kuliko vya oveni, umlaze kuku juu, na usitie maji.

Washa mkaa mpaka wote uwe mwekundu na kufunikwa majivu mepesi. Theluthi moja ibaki jikoni, theluthi mbili weka juu ya mfuniko, nyingi zikiwa pembezoni. Wengi wanafanya kinyume, na hapo ndipo chini panapoungua na juu panabaki peupe. Vifuu vya nazi viache kwanza: vinawaka kwa hasira na kuzimika upesi.

Dakika 35 zikipita, ongeza makaa mapya juu, chini acha yalivyo. Inua mfuniko kwa koleo, ukiushika sawa majivu yasimwagikie ndani. Baada ya saa moja, pachika msumari safi kati ya mfuniko na ukingo, mvuke upate njia ya kutokea, na uongeze makaa ya juu kwa dakika 15 hadi 20 za mwisho. Bila upenyo huo kuku anajipika kwa mvuke wake.

Nitasema ukweli: ngozi ya mkaa haiwi kavu kama ya oveni. Rangi utaipata, harufu inaishinda oveni, lakini ule mlio wa kuvunjika usiutegemee.

Kazi hii ifanyike uani au jikoni palipo wazi. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haionekani, na ndani ya chumba kilichofungwa inaua.

Hatua ya 7: Pima kama ameiva

Choma kipimajoto sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa. Kikisoma nyuzi 74, ameiva. Pima na kidari pia.

Huna kipimajoto? Toboa pale paja linapokutana na mwili. Maji yatoke maangavu, mguu ulegee ukiutikisa, na nyama ya ndani kabisa isiwe na ile hali ya kung'aa ya ubichi. Vyote vitatu vitimie, kimoja hakitoshi.

Wekundu unaogusa mfupa wenyewe ni jambo jingine. Broila ni mchanga, mifupa yake bado ina vitundu vidogo, na rangi ya uboho hupenya nje hata kama nyama imeiva sawasawa. Ikiwa joto limefika na maji ni maangavu, usimrudishe motoni kwa sababu ya rangi hiyo.

Hatua ya 8: Mwache apumzike

Muinue, mwinamishe ili maji ya tumboni yaangukie kwenye trei, umweke kwenye sinia dakika 15. Usimfunike kwa kubana, ngozi italowa tena. Ukimkata akitoka tu motoni, maji yake yote yanaishia kwenye ubao. Muda huo huo ndio wa kupika mchuzi.

Hatua ya 9: Mchuzi mzito

Trei usiioshe. Ule ukoko wa kahawia ulioganda chini ndio mchuzi wenyewe; bila huo utakuwa unapika uji wa unga wa ngano. Lakini onja kidogo kwanza. Ukiwa mchungu na mweusi umeungua, achana nao, tumia supu peke yake na vitunguu vilivyosalimika.

Toa vitunguu na karoti kwenye trei, vikamue juu ya chujio. Mimina majimaji yote kwenye bakuli, subiri dakika mbili, mafuta yatapanda juu. Chota vijiko 2 vya chakula vya mafuta hayo uvitie kwenye sufuria ndogo. Yaliyobaki weka akiba ya kukaangia viazi. Majimaji ya chini usiyamwage. Mimina nusu kikombe cha supu ya moto kwenye trei, kwangua ukoko kwa mwiko mpaka chini pawe safi, na hayo nayo yaunganishe na majimaji.

Sasa bandika yale mafuta kwa moto mdogo, tia unga vijiko 2, koroga bila kuacha dakika mbili hadi tatu. Unga utatoka povu dogo, harufu ya ubichi itapotea, na rangi itakuwa ya kahawia hafifu. Usiharakishe hapa. Kila chembe ya unga inatakiwa ivikwe mafuta, ndiyo maana haitashikana na mwenzake maji yakiingia. Anayetupa unga mkavu ndani ya supu inayochemka anajipikia madonge kwa makusudi: chembe za nje zinaiva papo hapo na kufungia unga mkavu ndani.

Mimina robo kikombe cha supu ya moto, koroga kwa nguvu. Utapata donge zito, ni sawa. Ongeza robo nyingine, koroga tena, nalo litalegea. Kisha mimina majimaji ya trei na supu iliyobaki kidogo kidogo. Acha uchemke polepole dakika 5 hadi 8. Chovya kijiko, pitisha kidole mgongoni mwake: njia ikibaki bila kuzibika, umeiva. Kumbuka utaongezeka uzito mezani ukipoa, kwa hiyo uepue ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka.

Ndipo uonje chumvi. Kamulia matone machache ya ndimu, ongeza maji aliyotoa kuku akiwa siniani, uchuje.

Madonge yakitokea, chujio linatosha. Ukiwa mzito mno, ongeza supu. Ukiwa mwepesi, uache uchemke bila mfuniko. Mafuta yakielea, yachote kwa kijiko. Wapo wanaopenda kumalizia kwa tui zito la nazi, robo kikombe, na kwa wali mweupe linapendeza sana. Litie mwisho kabisa na usiuache mchuzi uchemke kwa nguvu, tui litakatika.

Kumkata na kuhifadhi

Kata uzi, tenganisha mapaja kwenye kiungo, kisha shusha kisu pembeni mwa mfupa wa kidari, kila upande utoke mzima, ndipo ukate vipande. Mchuzi uende mezani kwenye bakuli lake. Ukiumwagia juu ya kuku, ile ngozi uliyoihangaikia tangu jana inalowa hapo hapo. Mimi naula kwa boflo la kuchovya. Nyumba nyingi watataka wali, na hakuna ubaya.

Kilichobaki kiingie friji ndani ya saa mbili, kiliwe ndani ya siku tatu. Mifupa ichemshe upya, ni supu ya asubuhi. Mchuzi ukilala friji utaganda. Uongeze maji kidogo, uupashe moto huku unakoroga mpaka uchemke kabisa, usiishie kwenye uvuguvugu.